Shingo ya Baba Hamza

Alhamisi, jioni. Ukungu ulishuka tangu alfajiri na haujaondoka. Mikaratusi iliyo mbele ya wodi siioni. Nimekunywa chai vikombe viwili.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi. Tuna mashine mbili za kupumulia. Moja ni mbovu, tunasubiri kipuri. Nyingine anaitumia Baba Hamza, mkulima wa kabichi kutoka Lukozi. Jumapili pampu ya dawa ya wadudu ilimvujia mgongoni, naye akaendelea kupulizia mpaka akamaliza shamba. Aliletwa akitokwa na povu, pumzi zikikatika.

Leo asubuhi alikuwa na nafuu. Alifumbua macho, akanibana vidole nilipomwambia. Daktari alimpunguzia msaada wa mashine kwa nusu saa ili apumue mwenyewe, akafaulu. Oksijeni nzuri, pumzi zimetulia, moyo haukwenda mbio. Kwa namba zile, alikuwa tayari kutolewa mpira wa mashine kooni.

Na mashine ilikuwa inahitajika. Tulipigiwa simu kwamba analetwa mama kutoka Mnazi, mwenye kifafa cha mimba. Ameshajifungua lakini hajazinduka, na pumzi zinapungua.

Nikamwambia Baba Hamza ainue kichwa kutoka kwenye mto. Akainua. Nikahesabu moja, mbili, kikaanguka. Kwa sumu hii, shingo ikilegea, misuli ya kupumua nayo huweza kufuata.

Lazima nikiri. Wakati wa vuli niliona shingo legevu kama hiyo kwa mama mmoja aliyepatwa na sumu ya aina hiyohiyo. Nilinyamaza, kwa sababu namba zilikuwa nzuri na mimi ni muuguzi tu. Alitolewa mpira saa nne. Saa tisa tulikuwa tunamfunika shuka.

Sijawahi kumwambia mtu.

Leo nilisema.

"Daktari, shingo yake bado."

"Sista, namba si umeziona?"

"Nimeziona. Naomba umwambie ainue kichwa, uone mwenyewe."

Akamwambia. Safari hii kichwa hakikuinuka kabisa. Daktari akauliza, "Na huyu wa Mnazi tunamweka wapi?"

Mpira ukabaki kooni mwa Baba Hamza.

Gari la Mnazi lilifika saa sita. Hawakumshusha yule mama. Daktari alimwingiza mpira kooni humohumo garini, mwenzangu Rehema akapanda na kuanza kumbania mfuko wa hewa kwa mkono, wakaondoka kwenda Tanga. Mume alikaa mbele na dereva, amempakata mtoto mchanga. Kabla hawajaondoka aliniuliza, "Sista, hapa nafasi hakuna kabisa?"

Nikamwambia hakuna.

Saa nane Baba Hamza aliacha kuvuta pumzi zake mwenyewe. Ikawa mashine tupu ndiyo inayompumulia. Daktari alitazama kioo cha mashine, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ulikuwa sahihi." Mke wa Baba Hamza alikuwa mlangoni na hakujua kilichopita. Alinishukuru kwa Kishambaa kwa kumwangalia mumewe. Nilishindwa kumtazama usoni.

Nilidhani nikiwa sahihi nitapata amani.

Rehema alipiga simu walipofika Mombo. Alisema mama bado yupo, mikono inamuuma, wanapokezana na mume. Mtoto kashikwa na dereva wakati wamesimama. Tangu hapo simu yake haipatikani, na kwa mahesabu yangu walipaswa kuwa wameshafika.

Kesho nitampima Baba Hamza shingo tena, na kila siku baada ya hapo, na nitaiandika kwenye faili pamoja na zile namba. Hilo nimeshaliamua, wala sitasubiri kuulizwa.

Simu iko mezani, kioo juu. Ikiita sasa hivi, nitaipokea?