Hesabu ya Hatua za Mama

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi wazima, ila paa la jikoni linavuja na Baba bado anasema kosa ni la mvua.

Sasa sikia ya Mama. Mwezi jana walikuja watafiti pale hospitali anakofagia, wanataka kujua watu wanatembea kiasi gani, na wanatembeaje. Kila mfanyakazi akafungwa kifaa kidogo kiunoni, siku saba.

Matokeo yakatoka. Madaktari, hatua elfu sita, elfu saba kwa siku. Mama, elfu ishirini na tatu! Mtafiti mkuu, dada mmoja wa miwani, akamwita. "Mama, kifaa hiki hukumvalisha mtoto kweli?"

"Mwanangu," Mama akamjibu, "kesho njoo saa kumi na mbili asubuhi. Na uvae viatu vya chini."

Akaja. Wodi sita, ghorofa tatu, lifti mbovu. Kufika saa sita mchana dada wa watu yuko hoi, ameketi kwenye ngazi, viatu mkononi. Akasema wauguzi wote wakisikia, "Nisamehe, mama yangu. Nimeona kwa macho."

Lakini kuna lililonichoma. Kifaa kilionyesha pia kwamba mguu wa Mama wa kushoto unapiga hatua fupi kuliko wa kulia. Alipobanwa akakiri: nyonga inamuuma, mwaka wa pili huu. Mwaka wa pili, Kaka, na tunakula naye meza moja! Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. "Ningesema, mngenikalisha."

Daktari wa mifupa anasema tumewahi. Hapasuliwi, ni mazoezi, na ngazi apunguze. Yule dada akazipeleka hesabu za Mama kwa mkuu wa hospitali, na sasa wameongezwa wafagizi wawili kwa ghorofa za juu. Kumbe Mama alikuwa watu watatu, miaka kumi na minane!

Ijumaa nilimsindikiza mazoezini. Alitembea taratibu kando ya ukuta, mikono mitupu, mtaalamu akimhesabia. Sijapata kumwona Mama akitembea bila kubeba kitu. Ana mwendo mzuri, Kaka. Sikuwa najua.

Baba anakusalimu, na Shangazi, na mapacha wake. Mungu akutangulie kila utiapo mguu.

Ni mimi nikupendaye,
Mdogo wako, Kitindamimba