Tumbo Nililomficha Mwenye Nyumba

Mpendwa Shangazi Lụa, nisaidie kabla siku zangu hazijafika.

Mimi na mume wangu Lực tulizunguka Phú Nhuận wiki sita tukitafuta nyumba ya kupanga, tukapanda ngazi mpaka magoti yakagoma, yenye dirisha bei ilitushinda, ya bei yetu haikuwa na dirisha, mwishowe dalali mmoja, Thông, akatupatia chumba na sebule juu ya mwenye nyumba mwenyewe, dong milioni sita kwa mwezi wakati majirani wanalipa saba na nusu, na nilipomwambia nina mimba ya miezi mitatu akanivuta pembeni akasema, "Dada, hilo limeze. Bi Nhạn ni mtu wa mambo ya kale, kwake mpangaji akileta kichanga ndani, mkosi umeingia nyumbani. Ukisema tu, nyumba huna." Nikalimeza, Shangazi, nikaenda kutia saini nimevaa koti la mvua la Lực, na siku hiyo jua lilikuwa kali.

Sasa ni mwezi wa saba. Nashuka ngazi nimekumbatia kapu la nguo hata kama sina cha kufua, na Bi Nhạn ananitendea wema unaoninyima usingizi, maana kila Jumatatu na Ijumaa ananiachia mlangoni bakuli la uji wa samaki wa mtoni, anasema umebaki, na juzi alimkataza Lực kugonga msumari ukutani. Mabakuli yake sita ninayo, naogopa kuyarudisha asije akanitazama kwa karibu. Lực anataka tuhame, lakini nani atatupangisha na tumbo hili? Nimwambie, au nijifungue kwanza ndipo niombe radhi?

Diễm

*

Diễm mwanangu,

Pole kwa hofu. Lakini koti la mvua juani? Ulidhani unapanga kwa kipofu? Thông alitaka malipo yake siku ileile, akakutwika mzigo akaenda zake, nawe umeubeba miezi minne.

Hofu ya Bi Nhạn usiicheke. Wenye nyumba wengi hapa wanaamini hivyo, na nyumba ni yake, alistahili kuambiwa. Hapo ulikosa, tena sana. Ila hebu isome barua yako mwenyewe. Uji wa samaki wa mtoni unabaki vipi mara mbili kwa wiki? Mtaa mzima unajua unapikiwa nani. Na ni nyumba gani inayokatazwa misumari, kama si yenye mjamzito? Mama huyo anajua siku nyingi. Anachongoja ni mdomo wako.

Siwezi kukuahidi kwamba atakubali. Huenda akataka matunda na ubani siku mtoto akiletwa, na nyumba itakaswe. Mpe, bila kubishana. Akikataa kabisa, una miezi miwili ya kutafuta kwingine, na safari hii tumbo litangulie, dalali afuate nyuma.

Kesho asubuhi osha mabakuli yote sita, weka tunda katika kila moja, Lực ayabebe. Koti liache, kapu liache. Shika reli ya ngazi, shuka taratibu, bakuli la kwanza umpe kwa mikono miwili useme, "Mama, nilikuficha." Kisha umwache aliangalie tumbo.