Mahafali ya Trinah Hayatakuwepo

Kinyinya, Kigali
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Geoffrey,

Hamjambo huko Bukoba? Goti la mama linaendeleaje? Huku hatuumwi, ila nyumba imepoa. Trinah hanisalimii.

Kaka, usialike watu. Mahafali ya mwanao hayatakuwepo mwaka huu, na aliyesababisha ni mimi.

Chuoni kwetu matokeo hupitishwa na baraza la wahadhiri. Tangu Gasana awe mkuu wa chuo, hajaliitisha, anapitisha mwenyewe. Darasa la uuguzi la Trinah halikufanya mazoezi ya wodi ya wazazi, lakini wote wakaandikiwa wamefaulu. Mimi, mkuu wao wa idara, nililalamika mpaka nikachoka.

Mwezi uliopita wakaja wakaguzi wa ithibati. Kabla sijaingia kuhojiwa, Gasana aliniita pembeni. "Madamu, wakikuuliza, sema baraza iko na inakaa vizuri. Kibali yako ya kazi, ni sisi tunakuombea."

Niliingia nimeamua kukubali kila kitu. Mkaguzi, mama mmoja mpole, akaniuliza, "Wewe ungekubali wanafunzi hawa wakuzalishe?"

Akilini nilimwona Trinah akiwa peke yake wodini na mzazi anayetoka damu. Nikajibu, "Hapana. Na baraza halijawahi kuulizwa."

Wakasimamisha ithibati ya uuguzi. Hakuna atakayehitimu mpaka mazoezi yale yafanyike. Gasana hanifukuzi, maana wakaguzi watarudi na wataniulizia. Lakini amenipokonya vipindi vyote. Nashinda ofisini mlango ukiwa wazi, na wenzangu wanapita wakitazama simu zao. Nyumbani Bukoba siwezi kurudi. Nikiondoka sasa, hakuna atakayewatafutia vijana hao hospitali ya kufanyia mazoezi.

Jana, kwa mara ya kwanza, Trinah alizungumza. "Shangazi, ungenyamaza tu mpaka tuhitimu."

"Halafu ungepangiwa wodi ya wazazi," nikamwambia.

Akasema kwa sauti ndogo, "Sijawahi hata kushika mtoto mchanga." Akaingia chumbani akafunga mlango.

Mpigie, kaka. Usinitetee kwake. Msikilize tu.

Nisalimie mama, wifi yangu na Kokushubira. Mungu awafunike kwa rehema zake, na asitusahau sisi wa huku.

Dada yako akupendaye,
Jovina