Bendeji Kwenye Masale

Jumanne, jioni

Andika, Halima mwanangu, upesi, maana nikinyamaza nitacheka tena.

Miaka yote nasema bibi yangu alifua bendeji za askari kwenye ile hospitali ya vita vya Mjerumani, akazianika juu ya vichaka vya masale. Shemeji yangu ananicheka: "Nani aanike kitu kwenye masale? Hayo ni ya mipaka na makaburi! Bibi yako alikuwa muongo." Hata kwenye msiba wa mume wangu alilisema.

Leo kaja mgeni anayeandika habari za hospitali hiyo, na picha ya zamani. Niliogopa kuitazama. Je, kama Shemeji...

Nikatazama. Masale mstari mzima, meupe kwa bendeji! Na mwanamke kasimama, mtoto mgongoni.

Shemeji kavaa miwani, kavua, kavaa tena. "Shemeji, hii shingo ndefu si yako hii?"

Nilipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika, chai ya mgeni ikamwagika, na kile kikombe bado sijakiosha.

Halafu nikatulia. Bibi alizaa mtoto mmoja tu.

Nimemwona mama yangu kabla hajanizaa.