Kitambaa alikipatia, akajikosea mwenyewe

Alhamisi. Joto kali.

Kosa la wengi wanaoanza Kihispania ni kudhani jina la mtu wa taifa fulani halibadiliki. Kwetu Mtanzania ni Mtanzania, awe Juma awe Rehema, na kitu chake ni cha Kitanzania. Kihispania hutumia neno lile lile kwa mtu na kwa sifa ya kitu, ila mwisho wake huwa wa kiume au wa kike. Mwanamume ni tanzano, mwanamke ni tanzana. Herufi ya kwanza hubaki ndogo.

Hayo nayajua tangu ujana wangu.

Rehema, mjukuu wa dada yangu, anauza vitenge hapa Kariakoo. Leo saa nane ana usaili wa kazi ya kuongoza watalii, na sehemu yake ni kwa Kihispania. Nafasi hiyo ameisubiri mwaka mzima. Nimemfundisha mimi, kwa njia niliyofundishiwa madrasa: mwalimu anasema, mwanafunzi anaitikia.

Saa sita nilipita dukani kumwombea dua. Nikamkuta anafanya mazoezi. Alishika kitenge akasema, "Una tela tanzana." Kitambaa cha Kitanzania. Sawasawa kabisa. Kisha akajigusa kifuani: "Soy tanzano."

Yaani: mimi ni Mtanzania, mwanamume.

Nilikaa chini. Sentensi ile ni yangu. Kwa miezi nimeitamka nikijisema mimi, naye akaitikia neno kwa neno.

Nikamwambia nimekosea. Mama wa duka la jirani alipoelezwa, akacheka: "Mzee wangu, bado kidogo umwoteshe ndevu."

Rehema hakucheka.

"Niliona kwenye kitabu kwamba ni tanzana, babu. Nikasema mimi nani nikusahihishe."

"Na kwenye usaili ungesema ipi?"

"Yako."

Tukarudia. Soy tanzana. Soy tanzana. Mara mbili ulimi wake uliteleza ukarudi kwenye yangu, na muda ukaisha, akaondoka.

Sasa ni saa nane na robo. Nimebaki kumlindia duka. Simu haijalia. Sijui kama ulimi wake umefuata kitabu au umefuata heshima, na heshima hiyo nimeidai mimi mwenyewe, miaka yote.

Wewe unayemfundisha mtu chochote, mwulize leo hii amekuona ukikosea wapi. Kisha nyamaza, umsikilize.