Vipande Vinne vya Mkate wa Mama

Jumapili, 8 Juni 2025

...na bado nasema hakuna mabega mazuri kama yake Ruiru nzima, hata akiwa amejikunja kitandani ameshika tumbo. Wiki tatu za ndoa. Githae wangu ananguruma kama kinu cha posho, nami namtazama naona maua tu.

Chanzo ni ziara ya leo kwa mama, Kalimoni. Mama alioka mkate wake wa sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Githae akala vipande vinne, na chai. Choo cha mama kiko nyuma ya jikoni, na mama alikuwa ameketi mlangoni pa jikoni. Mkwe mpya apite hapo na tishu mkononi? Alijibana hadi Ruiru. Shujaa wangu.

Jumanne, 10 Juni

Kumbe daktari alishamwambia mwaka jana: utumbo wake ni mwepesi kuudhika. Si kidonda, si minyoo. Mkate wa ngano humjaza gesi. Nikamuuliza, sasa ulikula wa nini? Akasema mama alikuwa anamtazama. Na mimi pia nilikuwa namtazama, natabasamu.

Nilimbusu. Kisha nikaenda dukani kumnunulia mkate wa brown. Brown ni ya afya, si ndiyo?

Jumatano, 11 Juni

Si ndiyo.

Ijumaa, 13 Juni

Tumeenda kwa mtaalamu wa lishe, dada mmoja anaitwa Becky. Hakunicheka, ila alikohoa. Brown ni ngano ileile, akasema, na pumba zake huwachokoza wengine zaidi. Kuna mkate unaoachwa uchachuke polepole; baadhi ya watu wenye tumbo kama la Githae huuvumilia. Aanze na kipande kimoja, tuone. Kila tumbo lina tabia zake.

Tumeupata dukani, mtaa wa Membley. Ganda lake unaweza kuezekea nyumba.

Jumapili, 15 Juni

Kipande kimoja asubuhi. Baada ya ibada nikaweka sikio tumboni kwake. Kimya. Tangu aseme "nakubali" mbele ya mchungaji, sijasikia kitu kitamu hivi.

Jumatano, 18 Juni

Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri: mama, tukija usioke, tuchemshie ngwaci tu, viazi vitamu vya shambani kwako. Yeye akanitangulia kupiga simu.

Amewaambia wanawake wote wa chama kwamba amepata mkwe anayejua chakula. Ni kweli, sisi watoto wake tuliucheka mkate ule miaka yote. Marehemu baba alikuwa akimpa mbwa. Githae ndiye mtu wa kwanza kuumaliza na kuongezewa. Sauti ya mama ilikuwa ya msichana.

"Wangechi, mwambie huyo mtoto wa watu nimenunua sufuria kubwa zaidi."

Lakini ni tumbo la mume wangu, na mimi ndiye ninayelala nalo.

"Mama, kuhusu huo mkate—"

Githae akaninyang'anya simu, taratibu kabisa. Mkono mmoja simu, mwingine tayari umeshika tumbo.

"Mama, habari za huko? Hapana, hakuna shida na mkate. Alitaka kuuliza kama utatubakishia. Tunakuja, mama. Kabla mwezi haujaisha tutakuwa hapo."