Maji ya Shimo la Magimbi

Kisiwa cha Marakei, Jumapili

Wifi yangu Bwebwe,

Natumai huko Suva u mzima. Huku nguruwe amezaa sita, na ukumbi wa kijiji umeezekwa upya. Kaka yangu, mumeo, bado anakula peke yake.

Kilichonishikisha kalamu ni binti yangu Taabeia. Shuleni wanafundishwa mabadiliko ya tabianchi, na mwalimu amewatuma wapime kina cha maji ya mashimo tunamopanda magimbi. Unaujua mwiko wetu, asiye wa ukoo hakanyagi shimoni. Nikamwambia simtaki mwalimu wake pale.

"Basi mama, kijiti cha kupimia kisimike wewe," akasema.

Nikakisimika, nikakaa. Bahari ilipojaa kule ufukweni, baada ya kitambo maji ya shimo nayo yakaanza kupanda taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Hakuna mfereji pale, Bwebwe. Nimelilima shimo lile tangu utoto na sikuwahi kuliona jambo hilo. Nikayaonja maji, yana chumvi.

"Bahari inainuka mwaka hadi mwaka, inapenya chini kwa chini," Taabeia akasema. "Ndiyo inayoozesha magimbi. Hakuna aliyeyaroga."

Hajui kuwa mbele ya ukoo nilikuita mgeni mchawi mwaka ule magimbi yalipooza, mpaka ukakunja mkeka wako ukaondoka. Laiti nasi tungefundishwa tukiwa na umri wake. Kosa la bahari nilikutwika wewe.

Kijiti sijaking'oa. Njoo ushuke shimoni ujionee. Mwiko ule haukuhusu, wala haukuwahi kukuhusu.

Wifi yako,
Teretia